Orwell kwenye Ghuba ya Speke: vidokezo kwa waandishi chipukizi wa Nassa

Vidokezo hivi ni vya vijana wa Nassa, Nyashimo, Lamadi na Bariadi mnaotuma habari redioni na magazetini. Ni vyenu pia mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya kata, kwa sababu siku hizi habari nyingi huanzia huko kabla mhariri yeyote hajaamka. Nimewachagulia mwalimu mmoja: George Orwell, Mwingereza aliyeandika riwaya za dhihaka na makala za magazeti, akafariki Januari 1950 akiwa na umri wa miaka 46.

Zaidi ya miaka 70 imepita na bado yumo kwenye vyumba vya habari. Jarida la The Economist limezinukuu kanuni zake sita za uandishi katika mwongozo wake wa lugha. Uingereza kuna tuzo ya uandishi wa siasa yenye jina lake. Nje ya jengo la BBC jijini London kuna sanamu yake tangu Novemba 2017, kwa kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili alilitumikia shirika hilo akitayarisha vipindi vya redio kwa ajili ya India, nchi aliyozaliwa. Heshima hizo anastahili. Mimi namtaka kwa kazi, aingie kwenye daftari lako wewe uliye Nassa.

1. Anza na Shamba la Wanyama

Riwaya yake hii ni nyembamba, unaimaliza kwa siku mbili. Kwa Kiingereza kitabu kilitoka Agosti 1945 baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa. Mmoja wao alikuwa ameshauriwa na ofisa wa Wizara ya Habari ya Uingereza kwamba kingewaudhi Warusi, waliokuwa upande mmoja na Waingereza vitani. Kwa Kiswahili kilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kuchapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967.

Utazame vizuri mwaka huo. Februari 1967 ndipo lilipotangazwa Azimio la Arusha, lenye miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Nchi ikiwa katika shangwe ya miiko hiyo, likatoka dukani simulizi la wanyama walioandika miiko yao ukutani, kisha kila baada ya muda wakakuta maneno yameongezwa usiku. Mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar, miiko yetu ililegezwa. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilizuia mchezo wa jukwaani uliotokana na kitabu hicho. Sioni sababu ya mtu kusema kwamba hiyo ni hadithi ya Urusi pekee.

Ukikisoma, mkazie macho nguruwe msemaji. Huyo ndiye hutumwa kuwaeleza wenzake kwa takwimu kwamba chakula kimeongezeka, ilhali matumbo yao yanajua vingine. Utakutana naye mikutanoni mara nyingi kuliko utakavyokutana na mkubwa wake.

2. Usilitupe jina lake ovyo

Kuna waandishi wakikerwa na jambo lolote la serikali huliita "la Ki-Orwell" na kuona wamemaliza. Msomaji wa Ngasamo hajapata chochote hapo. Mwambie kilichotokea, lini, nani alitoa amri, nani aliumia. Akishayajua hayo, hukumu ataitoa mwenyewe.

3. Fika mwenyewe, na uulize bei

Mwanzoni mwa 1936 Orwell alikwenda kaskazini mwa Uingereza kwenye miji ya makaa ya mawe. Alilala nyumba chafu za kupanga. Alishuka migodini, akatembea amejikunja kwa sababu alikuwa mtu mrefu na njia za chini ni fupi. Kisha alifanya jambo ambalo waandishi wengi wanaona ni dogo: aliandika matumizi ya wiki ya familia iliyokosa kazi, kitu kimoja kimoja, tangu kodi ya nyumba hadi sukari. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilitoka mwaka 1937, na ukurasa wa hesabu ile bado unasomeka kama umeandikwa jana.

Sasa rudi kwetu wilayani Busega. Umetumwa kuandika juu ya pamba. Hotuba ya ofisa utaipata kwa urahisi, pengine imechapwa tayari na nakala yako imewekwa kwenye kiti. Ichukue, iweke mkobani, halafu nenda kakae na mkulima mmoja aliyekubali kufungua daftari lake. Andika gharama ya kulima, mbegu, viuadudu, vibarua wa palizi, vibarua wa kuvuna, magunia, usafiri hadi kituoni. Andika deni lake kwa chama cha ushirika, AMCOS. Ndipo uandike kilo alizouza na bei ya kilo. Kinachobaki baada ya kutoa yote hayo ndicho kichwa cha habari yako, na hotuba itapata aya moja chini.

Kufika kunakulinda pia na uongo wa wenzako. Orwell alikwenda Hispania mwishoni mwa 1936 kupigana upande wa Jamhuri, akapigwa risasi ya koo mwaka uliofuata. Aliporudi kwao alikuta magazeti yakisimulia mapigano makubwa mahali ambapo yeye alijua hapakulia hata bunduki, na yamenyamaza kuhusu mahali watu walikokufa kwa mamia. Hakupona mshtuko huo, na ndio uliomfikisha kwenye riwaya zake mbili kubwa, Shamba la Wanyama na 1984.

4. Waone wanaopita kila siku

Hapa nakuomba utulie, maana kwangu mimi ndicho kidokezo kizito kuliko vyote.

Mwaka 1939 Orwell alichapisha insha kuhusu Marrakech, Morocco, alikokwenda kwa ajili ya mapafu yake mabovu. Humo anaeleza kwamba kila alasiri vikongwe walipita nje ya nyumba yake wakiwa wamebeba mizigo ya kuni, na kwa wiki kadhaa yeye aliona kuni zikipita tu. Punda aliyezidishiwa mzigo alimkasirisha tangu alipoikanyaga nchi ile. Bibi aliyepinda mgongo chini ya kuni hakumwona. Ilichukua muda hadi siku moja macho yake yakagundua kwamba chini ya mzigo kuna mtu.

Kila mwandishi wa Usukumani aisome insha hiyo kabla ya kugusa habari za mauaji ya vikongwe. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa ukanda wetu wamekatwa mapanga baada ya kuitwa wachawi, na dalili inayotajwa sana ni macho mekundu. Macho hayo yana maelezo yake. Miti ilifyekwa, watu wakapikia kinyesi cha ng'ombe na mashina ya pamba, na mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo tangu usichana wake hadi uzeeni lazima jicho liwe jekundu. Alipikia ukoo mzima, na kupika huko kukageuzwa ushahidi dhidi yake.

Habari yake huja kwa aya tatu. Bibi fulani, mkazi wa kitongoji fulani, ameuawa na watu wasiojulikana. Chanzo cha mauaji kinatajwa kuwa imani za kishirikina. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha. Basi, tunahamia kwenye michezo.

Ndugu yangu, usiridhike na hizo aya tatu. Uliza shamba la marehemu lina ukubwa gani na lilikuwa na mgogoro na nani. Uliza ng'ombe wamekwenda wapi. Uliza kama kulikuwa na mganga aliyepiga ramli chonganishi msibani wiki chache kabla, na nani alimlipa. Uliza majirani walisikia yowe saa ngapi na sungusungu walifika saa ngapi. Mara nyingi nyuma ya maneno "imani za kishirikina" kuna urithi, mpaka wa shamba, au mjane aliyekataa kuondoka kwenye kiwanja cha marehemu mumewe. Ukiandika ushirikina peke yake, umemsaidia muuaji kulificha shamba.

Na mwandike marehemu kama mtu. Alikuwa akiuza nini gulioni? Alizaa wangapi? Alikuwa mkunga? Kanisani alikaa upande gani? Maswali hayo hayakuchukui hata nusu saa. Majina ya wajukuu waliokuwa ndani usiku ule yaache nje ya habari, kwa usalama wao.

5. Yavue maneno nguo

Insha ya Orwell juu ya siasa na lugha, ya mwaka 1946, ina hoja iliyo wazi: maneno ya siasa yanapokuwa mazito na ya jumla, mara nyingi yamewekwa hapo ili jambo baya lisionekane. Dawa yake ni neno fupi na la kila siku, pamoja na kukata kila neno linaloweza kukatwa bila hasara.

Mkoani kwetu Simiyu tuna mfano wa nyumbani. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa mbunge wa Bariadi Magharibi na Waziri wa Miundombinu, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja za Marekani zilizokuwa katika akaunti kisiwani Jersey, wakati wachunguzi wa Uingereza wakichunguza mauzo ya rada kwa Tanzania. Fedha hizo akaziita vijisenti. Alikana kupokea rushwa, alijiuzulu uwaziri mwezi uleule, na hakutiwa hatiani katika suala la rada. Kampuni iliyouza rada, BAE Systems, ilikiri mahakamani mwaka 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za mauzo hayo, na Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5 zilizokwenda kwenye vitabu na madawati ya shule.

Waandishi wa siku ile walifanya kazi safi. Hawakulilainisha neno, hawakulitafsiri, hawakulipambia kivumishi. Waliliandika lilivyotamkwa, wakaweka kiasi cha fedha kando yake. Nchi nzima ikaelewa, hadi makondakta wa daladala.

Kwa hiyo ukikutana na maneno ya kulainisha, yafungue. "Changamoto ya maji" maana yake bomba la Mwamanyili, au la kijiji chochote unachoandika, halitoi maji, na utaje tangu lini. "Nguvu ya ziada" maana yake watu walipigwa. Taja walipigwa na nani, kwa kitu gani, wangapi wako hospitalini. "Amepangiwa kazi nyingine" maana yake ameondolewa. "Kasoro ndogondogo" ni nyufa, na nyufa zinapimwa kwa rula. Neno "wadau" ningelipiga marufuku mwezi mzima uone jinsi utakavyolazimika kuwataja wavuvi, wachuuzi, madereva na walimu kwa jina la kazi zao.

6. Kila kitendo kina mtendaji

Kiswahili chetu kinaruhusu fedha "kuliwa", mbegu "kuchelewa" na mtu "kupotea" bila mkono wowote kuonekana. Tangu 2017 maneno "watu wasiojulikana" yamekuwa na uzito wa kutisha Tanzania. Polisi wakisema wahusika hawajulikani, andika hivyo, kisha ongeza ulichokiona au kuelezwa na mashahidi: walikuja na gari la rangi gani, walivaa nini, walielekea upande gani. Kama shahidi anaogopa, mlinde. Usiandike "inadaiwa" bila kusema nani anadai.

7. Umati usikushikie bunduki

Orwell alikuwa polisi wa kikoloni nchini Burma kuanzia 1922 hadi 1927. Insha yake ya 1936 inasimulia tembo aliyemuua mtu, lakini alipokutwa shambani alikuwa ametulia akila majani. Nyuma ya polisi yule kulikuwa na umati mkubwa unaosubiri kuona risasi. Alimpiga, akiwa anajua kwamba hapakuwa na haja, kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Wasomaji wa Lamadi hawahitaji kuelezwa tembo ni nini. Tembo wa Serengeti hutoka hifadhini na kuingia mashambani Busega, Bariadi, Itilima na Meatu, wakala mahindi, na wakati mwingine wakaua watu. Siku hiyo simu yako inalia, kundi zima linataka picha sasa hivi, mwingine amekwisha kurusha video ya tembo wa nchi nyingine. Umati wako ndio huo. Mkulima amepoteza msimu, askari wa wanyamapori wako njiani, maiti ya jirani haijafunikwa, na wewe unasukumwa ubonyeze.

Funika kwanza. Hakikisha jina, mahali, saa. Familia iambiwe kabla ya kundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa taarifa za uongo, kwa hiyo haraka inaweza kukugharimu zaidi ya aibu.

8. Tunza makaratasi

Katika riwaya yake ya mwisho, iliyotoka Juni 1949 na kuitwa kwa mwaka 1984, mhusika mkuu ana kazi ya ofisini: kusahihisha magazeti ya zamani ili ahadi za jana zifanane na matokeo ya leo. Mapema 2017 kitabu hicho kilirudi kileleni mwa mauzo Marekani, baada ya mshauri wa Rais mpya kutetea takwimu zisizo za kweli kwa kuziita ukweli mbadala. Kwetu, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalimtia hatarini mtu anayechapisha takwimu zinazopingana na za serikali, kisha yakalegezwa mwaka 2019.

Wewe kuwa kumbukumbu ya kata yako. Chukua mradi wa kuyapeleka maji ya Ziwa Victoria Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kupitia Busega. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya Euro milioni 100 kwa mradi huo mwaka 2017. Tangu hapo zimetolewa hotuba nyingi zenye tarehe nyingi. Je, unazo? Piga picha kila bango la mradi, hasa sehemu yenye tarehe ya kukamilika, mkandarasi na kiasi cha fedha. Hifadhi mahali pawili. Bango likibadilishwa, piga la pili, uyaweke pamoja ukurasani. Sentensi mbili za maelezo zinatosha.

9. Dhihaka tumezaliwa nayo

Mtu asikwambie kwamba dhihaka ni ya Waingereza. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wamekuwa wakishindana kwa ngoma na nyimbo baada ya mavuno tangu enzi za mababu, na hadi leo uwanja wa Bujora hujaa mwezi Juni wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo. Mtunzi mzuri humchoma mpinzani huku akijua kwamba atajibiwa mbele ya watu walewale. Usawa huo ndio ninaoupenda: anayesemwa ana ngoma yake na ana zamu yake.

Gazetini mstari huo uliendelezwa na wachora katuni: Christian Gregory kwa Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru, baadaye Masoud Kipanya, na Gado, Mtanzania aliyechora kwa miaka mingi katika Daily Nation la Nairobi. Watazame wanamchora nani. Mwenye cheo, mwenye fedha, mwenye kipaza sauti. Ukiona dhihaka yako inamwangukia mlevi wa gulioni, mama wa kuuza dagaa au mtoto mwenye ualbino, ifute. Hao hawana zamu ya kujibu.

10. Jaribu haya msimu ujao

Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Fika kituoni mapema kabla ya wageni. Tazama mizani imewekwa juu ya kitu gani na kama ina alama ya wakala wa vipimo. Muulize karani bei ya siku, umuulize mkulima wa kumi kwenye foleni bei aliyoambiwa, ulinganishe. Uliza kama malipo ni taslimu, ya simu au ya "njoo kesho", na kesho hiyo ina siku ngapi. Usiufiche upande wa mkulima pia: kama kuna aliyetia maji au mchanga kwenye pamba, andika, kwa sababu anawashushia bei wenzake wote. Soma risiti tatu, uone makato yanaitwaje na nani anaweza kukueleza kila kato linakwenda wapi. Ukishaipata hesabu ya kituo kimoja, nenda cha pili kabla hujaituma.